Aliyepiga Hapana

Wiki iliyopita niliwaacha nje ya ukumbi, pua zimebandikwa dirishani, na wengine wenu mmenitumia maneno makali kwa hilo. Haya, ingieni. Viti vya plastiki vimejaa, simameni ukutani.

Yule mliyemwona ananyanyuka safu ya nyuma ni Fundi, mwanamke mshona nguo wa njia ya sokoni. Aliyesimama mbele, pete ya ndoa imeshatoka nusu kidoleni, ni dada yake mkubwa, Muuguzi wa zahanati. Na mwanamume anayenyooshewa kidole ni mume wa Muuguzi, dereva wa gari la kunyonya vyoo. Gari hilo watu walilibatiza Bibi Harusi, kwa kuwa likipita kila mtu hupisha njia. Dereva naye, apende asipende, akawa Bwana Harusi.

Muuguzi alikuwa ameshasema yake, tena kwa sauti ya kuamsha wagonjwa.

"Mwezi uliopita nilizunguka nyumba kwa nyumba, jua la kwangu, vumbi la kwangu. Ahadi nilizopata zilitosha. Tukapiga kura, tukakosa bomba la maji taka kwa kura moja. Moja! Kuna mtu aliniahidi ndiyo akaandika hapana. Na mtu huyo ni mume wangu, maana bomba likija, gari lake litafuga kuku. Leo, mbele yenu, namrudishia pete yake."

Ndipo Fundi, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu mkutano uanze, akasema: "Dada, subiri. Si yeye."

Tuliachana hapo. Sasa sikilizeni.

Ukumbi mzima uligeuza shingo. Viti vililia.

"Si yeye?" Muuguzi aliuliza. "Ni nani basi?"

Neno lenyewe Fundi alikuwa amelifanyia mazoezi tangu mama yao alazwe zahanati, tumbo limemmaliza, macho yameingia ndani. Alilisema akikanyaga cherehani. Alilisema akifua mashuka ya Mama, mikono imezama kwenye povu. Ni neno fupi. Mimi. Hata mtoto asiye na meno analiweza.

"Ni..."

"Ni mimi!"

Sauti haikuwa yake.

Bwana Harusi alikuwa amesimama juu ya kiti, jitu zima, kofia mkononi. "Shemeji yangu ana huruma tu, anataka kuniokoa. Msimsikilize. Mimi ndiye niliyeandika hapana. Mke wangu amesema kweli tupu."

Kelele zilizofuata sitajaribu kuziandika. Kuna mama alimrushia ndala. Kuna mzee alitema mate dirishani, na upepo wa ziwani ukamrudishia. Muuguzi aliivua ile pete yote, akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti kama mtu anayelipa nauli na kushuka.

Mwenyekiti wa wakazi, anayejulikana kwa jina la Mzee Utaratibu, aligonga meza mpaka kalamu zikaruka.

"Utaratibu! Tufuate utaratibu! Tunapumzika kidogo watu wapoe. Tukirudi tunajadili mchango, halafu tunapiga kura. Mfadhili wa bomba ametupa nafasi ya pili, na leo ndiyo mwisho. Theluthi mbili wakikubali kuchangia, naye anaongeza pesa zilizobaki. Wasipokubali, anafunga mkoba anakwenda kwingine."

Fundi alishatoka kwa mlango wa nyuma.

* * *

Alimkuta Bwana Harusi nyuma ya ukumbi, amekaa juu ya tangi bovu lililopinduliwa, anafuta vumbi la ndala shavuni.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimefanya ulichotaka kufanya wewe. Ila mimi ngozi yangu ngumu."

Fundi alimsogelea. "Ulijua?"

"Siku ile ya kura nilikaa nyuma yako. Una mwandiko mkubwa, shemeji. Unaandika kama unachora mkato wa gauni."

"Na umenyamaza muda wote huu? Dada amekufukuza! Unalala kwenye gari, na gari lenyewe ni lile!"

"Nalala humo kwa sababu ninapostahili kulala ni humo."

Alisema bila utani. Mtu huyu aliyekuwa akichekesha hata kwenye foleni ya zahanati alikuwa anaangalia viatu vyake kama mtoto aliyevunja chungu cha watu.

"Mimi ndiye niliyemuua Mama," Fundi alisema, na machozi yakaanza. "Hajafa, najua. Lakini kila nikimwona na ile sindano ya maji mkononi, naiona kalamu yangu. Ningeandika ndiyo, tungepata bomba, ziwa lingekuwa safi..."

"Acha, shemeji."

"Siwezi kuacha."

"Nakwambia acha! Kura haimwagi kitu ziwani. Hata ingepita, mabomba yangekuwa bado yako kiwandani. Mama hakuugua kwa kalamu yako." Aliikunja kofia mpaka ikawa kama tambara la kupigia deki. "Aliugua kwa koki yangu."

Fundi hakuelewa. Kisha akaelewa, akatamani asingeelewa.

"Mvua ilipokata njia ya kwenda mabwawa ya kumwagia," Bwana Harusi alisema, "gari lilikuwa limejaa. Vyoo vya watu vinafurika, simu inalia, kila mtu ananiambia njoo sasa hivi. Nikarudisha gari kinyumenyume mpaka kwenye matete. Nikafungua koki."

"Matete yapi?"

Bwana Harusi alijifuta shavu tena.

"Shemeji, matete yapi?"

"Yale ya kwenye pampu."

Pampu ya kwenye matete! Ndipo Mama alipokuwa akiteka maji kila asubuhi, kwa vile aliyaona ni matamu kuliko ya bomba la mtaa. Mwenyewe alisema yanalainisha mboga haraka.

"Mara moja tu?"

"Mara ya kwanza ilikuwa dharura," alisema. "Zilizofuata zilikuwa mazoea."

Fundi alirudi hatua nyuma. Alitaka kumpiga. Alitaka pia, Mungu amsamehe, kumshukuru. Maana kuna kitu kilikuwa kimeshuka kutoka kichwani mwake kama ndoo inavyoshushwa na mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu Mama augue alivuta pumzi ikafika chini.

"Mwambie Dada," alisema.

"Siwezi. Ni muuguzi, shemeji! Anaosha watoto wa watu wanaoharisha, anarudi nyumbani mikono inanuka dawa, na mimi ndiye... Siwezi." Alimshika mkono. "Niache nibebe lako. La kwako nitaliweza. Langu ndilo siliwezi."

Hapo mnaweza kumwonea huruma au mkamtemea mate, shauri yenu. Fundi alifanya vyote viwili kimoyomoyo.

"Mara ya mwisho kumwaga ilikuwa lini?" aliuliza.

Bwana Harusi alifungua mdomo.

"Shemeji na shemeji!" Mzee Utaratibu alikuwa amechungulia mlangoni, kengele mkononi. "Utaratibu hauruhusu vikao vya pembeni. Ndani, ndani, tunaanza!"

Na swali hilo likabaki pale pale juu ya tangi bovu.

* * *

Ndani moto ulikuwa umeshawashwa.

Mwenye Nyumba alikuwa ameshika zamu ya kuongea, na akiishika haiachii. Huyu ana vyumba vya kupangisha kuanzia kwenye kona mpaka karibu na maji, na wapangaji wake wanagombea choo asubuhi kama watu wanaogombea basi la mwisho.

"Choo changu hakijawahi kumsumbua mtu," alisema. "Ninyi mnataka nichangie bomba la kusafirisha mavi ya jirani! Ziwa limekuwepo kabla ya babu zetu. Linajisafisha lenyewe. Mmewahi kumwona mtu akilipiga ziwa deki?"

Watu walicheka. Mwenye Nyumba alikaa, ameshiba kicheko.

Kisha akasimama Mama Pacha, mwanamke anayefulia watu nguo, mwembamba, sauti ya chini. Hakuna aliyecheka.

"Mimi sikatai usafi. Lakini mchango huu ni wa kila mwezi. Mume hayupo. Nikiutoa, watoto wale bomba?"

"Mama Pacha, tulishaongea!" Muuguzi alidakia, mkono hewani. "Afya kwanza. Nilikueleza mlangoni kwako, ukaitikia kwa kichwa."

"Niliitikia ili uondoke. Nilikuwa na nguo za watu kwenye maji."

Minong'ono ilipita safu kwa safu. Muuguzi alihisi ukumbi unamponyoka, na mtu anayeponyokwa hushika kilicho karibu. Kilichokuwa karibu kilikuwa mdogo wake.

"Sikilizeni wenzangu!" Alimvuta Fundi mbele, akamkumbatia begani. "Mnamjua huyu. Amekaa na Mama yetu miaka yote. Amemfulia, amemlisha, na hata leo alitaka kumtetea shemeji yake asiyestahili. Nyumba yangu imenisaliti, lakini huyu hajanisaliti. Mwenyekiti, naomba kura za leo azihesabu yeye. Humu ndani hakuna mkono safi kama wake."

Watu walipiga makofi. Makofi, ndugu zangu! Mzee Utaratibu akamkabidhi kalamu.

Fundi aliitazama ile kalamu.

Alitazama na safu ya nyuma. Bwana Harusi alikuwa amekaa peke yake, viti vya kushoto na kulia vitupu, kama kawaida yake barabarani. Alimtikisia kichwa polepole. Usiseme. Kaa kimya, shemeji, imeshaisha.

Na kweli ilikuwa imeisha. Angekaa kimya tu. Angehesabu mikono, angerudi dukani, angekanyaga cherehani. Dada angempenda kuliko alivyowahi kumpenda. Ndoo ilikuwa imeshushwa kichwani.

Lakini shingo bado ilikuwa inauma.

"Dada," alisema, "toa mkono begani kwangu."

"Eh?"

"Toa mkono, tafadhali. Nikisema ukiwa umenishika nitalia, na nikilia sitamaliza." Aliiweka kalamu mezani, kando ya pete. "Shemeji amedanganya. Kura ile ilikuwa yangu. Nilikuahidi ndiyo, nikaandika hapana."

Muuguzi alicheka. Kicheko kifupi cha mtu aliyesikia vibaya. Kisha akauona uso wa mdogo wake, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Kwa nini?"

"Asubuhi ile ulipita dukani. Kulikuwa na wateja. Ukaniambia, 'We tia ndiyo tu, mambo ya mabomba hutayaelewa, endelea na vifungo vyako.' Wakacheka. Na mimi nikacheka."

"Kwa maneno hayo tu? Ulituachia mavi ziwani kwa maneno hayo?"

"Si hayo tu. Ni hayo na ya miaka yote. Wewe ndiye msomi, wewe ndiye wa kusifiwa. Mama akipona ni wewe umemtibu, akichafua shuka ni mimi." "Nilijua kura itapita, Dada. Nilitaka tu ipite bila mimi."

Hapo hakuna aliyerusha ndala.

Ni ajabu. Yule aliyedanganya alitemewa mate, na huyu aliyesema kweli watu walimwangalia kwa woga, kama wanaomwangalia mtu aliyevua nguo hadharani. Kila mmoja alikuwa na wake wa kumwonea wivu, na kila mmoja aliangalia pembeni.

* * *

Kila mmoja isipokuwa Mwenye Nyumba.

"Mmesikia?" Aliruka kama aliyekalia msumari. "Mmesikia wenyewe! Hata damu yake haimtaki! Dada mtu anatugombeza usiku na mchana, kumbe nyumbani kwake mume hivi, mdogo mtu vile. Mwenyekiti, funga mkutano. Mfadhili aende zake. Hatuchangii ugomvi wa familia!"

"Kweli!" mtu alipaza sauti.

"Tufunge! Tufunge!"

Watu walianza kunyanyuka. Mara ya kwanza Fundi alilizika bomba kwa kalamu. Sasa alikuwa analizika tena kwa kusema! Mnajua uchungu huo? Kuufungua mdomo kwa nia njema, halafu ukaona nyumba inaanguka upande ule ule.

"Kaeni!"

Aliyepiga kelele alikuwa Mama Pacha. Sauti hiyo hakuna aliyejua kwamba anayo.

"Kaeni chini, bado sijajibiwa. Fundi alikataa kwa wivu, haya, wivu ameutapika, tumeuona. Mimi nilikataa kwa njaa. Na yangu nani atanijibu? Au njaa haina mwenyekiti?"

Watu walikaa, nusu kwa aibu, nusu kwa kutaka kusikia.

Macho yakaenda kwa Muuguzi. Kila mtu alingoja ile sauti ya kuamsha wagonjwa. Haikuja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, mikono magotini, anamwangalia Mama Pacha kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

"Sina jibu," alisema. "Nilikuja mlangoni kwako na jibu, sikuja na swali. Niambie wewe. Ungeweza kutoa nini?"

"Pesa sina. Mikono ninayo. Mtaro unachimbwa na nani?"

"Na mkandarasi," Mzee Utaratibu alisema.

"Kwani jembe la mkandarasi lina meno ya dhahabu?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, lakini safari hii hakikuwa cha kumzomea mtu. Mwashi mmoja akasema mtaro wa njia ya zahanati wanaweza kuuchimba wenyewe. Mama mwingine akasema mwenye choo kimoja na mwenye vyoo vya wapangaji ishirini hawawezi kutoa sawa, hata kwa Mungu haipo.

"Nani kasema ishirini?" Mwenye Nyumba alifoka.

"Sisi tunaopanga foleni!" walijibu wapangaji wake kwa pamoja.

Kwa hiyo yakajadiliwa upya. Si kwa muda mfupi, na si kwa upole. Mzee Utaratibu aligonga meza mpaka mguu mmoja wa meza ukalegea. Mwisho wakafikia hapa: kila choo kichangiwe na mwenye nacho, asiyeweza kutoa pesa atoe siku zake za kuchimba, na wajane na wagonjwa wasidaiwe hadharani.

"Mikono juu," mwenyekiti alisema. "Leo hakuna karatasi. Anayekataa, akatae tukimwona."

Mikono ilinyanyuka. Ya Mama Pacha, iliyobabuka kwa sabuni, ndiyo ya kwanza. Ya wapangaji. Ya Bwana Harusi kule nyuma, ingawa kila mtu alijua bomba linamnyonga. Ya Muuguzi. Fundi alinyanyua wake mwisho.

Mwenye Nyumba alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Basi na wangu," alinung'unika, "maana nikibaki peke yangu mtasema ndiyo kisa kwangu kunanuka."

Bomba limepita! Limepita, jamani! Watu walikumbatiana, viti vikaanguka. Mzee Utaratibu, mwenye utaratibu wake, alicheza pale pale mezani na mguu wa meza ukakatika kabisa.

Muuguzi alimwendea mdogo wake. Fundi alifumba macho, akingoja kofi.

"Sijakusamehe," Muuguzi alisema. "Usije ukadhani nimekusamehe. Tukifika nyumbani nitakusema mpaka majirani wahame."

"Sawa, Dada."

"Lakini yale ya vifungo..." Alimrekebishia mdogo wake ukosi wa blauzi ambao haukuwa na kasoro yoyote. "Mama leo asubuhi ameuliza shuka lake nani kafua, linanukia vizuri. Nilinyamaza. Nilimwacha adhani ni mimi."

Fundi alicheka huku analia. Hayo ndiyo aliyoyapata, na kwa jioni ile yalimtosha.

* * *

Joto la ukumbi lilikuwa limewakausha watu makoo. Mzee Utaratibu alituma vijana wawili wa nguvu wakalete maji, nao wakarudi na dumu kubwa jeupe, wamelishika huku na huku. Watu waliligombea.

"Foleni! Utaratibu!"

Fundi alichukua vikombe. Alitaka kufanya kitu kwa mikono yake, kitu chochote chema. Alichota, akagawa. Alimpa Mama Pacha. Aliwapa wapangaji. Aliwapa watoto waliokuwa wanachungulia dirishani. Alimpa Mwenye Nyumba, akamwambia, "Kunywa, mzee, umeongea sana leo." Walicheka wote. Hakuwahi kujisikia mwepesi namna ile. Kikombe kilichofuata alimpelekea dada yake, kingine kikabaki mkononi mwake.

Muuguzi alikuwa amesimama mbele ya mume wake. Ile pete ilikuwa imerudi mkononi mwake, ila bado hakuwa ameivaa.

"Nimekutukana mbele ya ukumbi mzima," alimwambia. "Nimekulaza kwenye gari kwa kosa la mwingine. Nitakuomba radhi, tena mbele yao, kama nilivyokutukana mbele yao."

"Usiniombe radhi," Bwana Harusi alisema.

"Nitaomba. Lakini kuna kitu sikielewi." Muuguzi alipokea kikombe kutoka kwa Fundi bila kumtazama. "Nakujua wewe. Hukubali kosa hata ukikutwa umelishika mkononi. Leo umepanda juu ya kiti ukakiri, na watu wanakurushia viatu, na usoni ukawa kama mtu aliyepata nafuu. Kama kura haikuwa yako, mume wangu, ulikuwa unakiri nini?"

Alikiinua kikombe mdomoni.

Bwana Harusi hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama dumu jeupe, na tope bichi lililoshika chini yake, na jani refu la tete lililonata kwenye tope lile.

"Maji haya mmeteka wapi?" aliuliza.

"Pale karibu tu," mmoja wa vijana alijibu. "Kwenye pampu ya matete."

Alikipiga kikombe kile kofi. Kiliruka, kikagonga ukuta, maji yakamlowesha Muuguzi kifua kizima. Kabla mtu hajapiga kelele, jitu lile lilikuwa limeshalifikia dumu, limelipindua, na maji yanatiririka chini ya viti.

"Msinywe!" alinguruma. "Temeni! Mmwage! Nilimwaga gari pale! Nilimwaga jana!"

Mama Pacha alikuwa ameshusha kikombe chake. Kilikuwa kitupu. Dirishani, mtoto mmoja alikuwa analamba matone ya mwisho kwenye kingo za chake.

Kikombe kilichobaki mkononi mwa Fundi kilianguka chenyewe.

Muuguzi hakupiga kelele. Alikuwa muuguzi kabla ya kuwa mke, na usoni mwake mliweza kuona anavyohesabu vitanda vya zahanati. Alimtazama mume wake, akaona kila kitu kwa mara moja: mama yake, matete, gari. Kisha akageuka polepole. Akamtazama mdogo wake, aliyekuwa amesimama katikati ya maji, na ambaye hakuonekana kushangaa kama wengine.

"Mlitoka nje pamoja," alisema. "Na wewe ulijua?"